Kabla ya Kununua Kisafisha Hewa: Moshi na Vumbi katika Nyumba za Kilosa na Mikumi

Kisafisha hewa ni mashine yenye feni inayovuta hewa ya chumbani, kuipitisha katika chujio na kuirudisha ikiwa imepungua vumbi na moshi. Kazi yake yote imo katika vitu hivyo viwili, feni na chujio, na mnunuzi anayevielewa hatababaishwa na taa za rangi wala maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye boksi. Hata hivyo, swali la mashine ipi inafaa haliwezi kujibiwa kabla ya kujua hewa ya mahali husika imechafuliwa na nini, kwa kuwa chujio linalozuia kitu kimoja huweza kukipitisha kingine kama vile halipo.

Katika Wilaya ya Kilosa vyanzo vinajulikana. Barabara kuu ya TANZAM, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50 kabla ya kuufikia mji wa Mikumi, hupitisha usiku na mchana malori ya dizeli yanayokwenda Zambia na Kongo. Kusini mwa mji huo, upande wa Kidatu, yapo mashamba ya miwa ya Ruembe na Msolwa, ambako miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa ili majani makavu yaondoke, na masizi huangukia mabati na nguo zilizoanikwa. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, moto hupita katika nyasi na mashamba yanayoandaliwa kwa kilimo, huku barabara za udongo za vijijini zikitoa vumbi jekundu kila gari linapopita. Juu ya hayo yote upo moshi wa mapishi, ambao kwa familia nyingi ndio mkubwa zaidi, kwa sababu hutoka hatua chache tu kutoka puani.

Masizi yanayoonekana kwa macho si hatari kuliko yasiyoonekana, maana pua na koo huyazuia makubwa. Chembe zinazotia hofu ni zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au pungufu, yaani ndogo kuliko unene wa unywele kwa takriban mara 30, ambazo hushuka hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na wastani wa siku moja usizidi 15. Jikoni penye kuni na penye dari jeusi kwa masizi, kiasi hicho hupitwa mara nyingi katika mlo mmoja tu.

Chujio linalostahili kulipiwa fedha ni lile la daraja la HEPA, ambalo hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Wengi hudhani kwamba hufanya kazi kama chekeche la unga, kumbe nafasi zilizo kati ya nyuzi zake ni pana kuliko chembe nyingi zinazonaswa. Chembe kubwa, kwa uzito wake, hushindwa kukata kona pamoja na hewa inayopinda kuzunguka uzi, hivyo huugonga na kugandia. Za wastani hufuata mkondo wa hewa lakini hupita karibu mno na uzi na kuugusa. Zile ndogo kabisa husukumwa huku na huko na molekuli za hewa, zikayumba kama mtu aliyepotea njia hadi zikakutana na uzi. Zinazosumbua ni za kati, zilizo nyepesi mno kugonga na nzito mno kuyumba, na ndiyo maana kipimo kiliwekwa kwenye maikromita 0.3: chujio linaloweza kunasa zilizo ngumu zaidi hunasa pia ndogo na kubwa kuliko hizo.

Chujio bora lenye feni dhaifu halifai kitu. Kwenye boksi huandikwa herufi CADR, zikifuatwa na namba inayoonyesha mashine hutoa hewa safi kiasi gani kwa saa. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mita za ujazo 32.4, hivyo ili hewa yake isafishwe mara 5 kwa saa, inahitajika mashine ya angalau mita za ujazo 162 kwa saa. Kwa kuwa namba hiyo hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu, ambayo kelele yake haimpi mtu usingizi, ni busara kuchagua mashine ya 250 au zaidi na kuiendesha polepole.

Hapa ndipo nyumba yenyewe inapoingia katika hesabu. Nyumba nyingi za Kilosa zimejengwa kwa ajili ya joto, zikiwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, madirisha ya nyavu na mwanya kati ya ukuta na paa, na ujenzi huo ni wa hekima. Lakini ikiwa hewa ya nje huingia na kubadilishana mara 10 kwa saa wakati mashine inasafisha mara 5, theluthi mbili za moshi wa nje zitabaki chumbani. Madirisha yakifungwa na mianya kuzibwa hadi hewa ibadilishane mara 1 tu, hubaki takriban sehemu moja ya sita. Kwa hiyo moshi wa nje hudai kufunga, ilhali moshi wa ndani hudai kufungua, na mwenye nyumba hana budi kujua anapambana na upi.

Gesi ni jambo jingine kabisa. Harufu na baadhi ya mvuke wa kemikali hunaswa na mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa, mara nyingi kwa vifuu vya nazi, hadi ukawa na vitundu vingi mno kiasi kwamba gramu moja huwa na eneo la mamia ya mita za mraba. Mkaa wa kawaida, ambao Kilosa huuzalisha kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2012 mradi wa mkaa endelevu ulianzishwa katika vijiji vya wilaya hiyo, hauna uwezo huo; kikapu chake kikiwekwa pembeni mwa chumba hakisafishi hewa. Na hata ule amilifu hauizuii kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, ambayo hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mashine zinazotangazwa kwamba husafisha kwa kuzalisha ozoni ziachwe dukani, kwa kuwa ozoni huchoma mapafu.

Umeme si mzigo mkubwa: mashine ya wati 40 hutumia uniti 1 kwa saa 25. Gharama halisi ni chujio, ambalo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, na mapema zaidi penye vumbi la barabarani. Asiye na uhakika wa kulipata chujio la kubadilishia asinunue mashine.

Inayobaki ni hukumu. Kwa mgonjwa wa pumu anayelala karibu na barabara kuu au mashamba ya miwa, kisafisha hewa cha HEPA katika chumba kinachofungika ni fedha iliyotumika vizuri. Kwa nyumba inayopika kwa mkaa au kuni, fedha hiyohiyo ianze kununua mtungi wa gesi au jiko la umeme, jambo linalolingana na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Na katika vijiji vya milimani magharibi mwa wilaya, ambako usiku wa Julai ni wa baridi kali, jiko la mkaa lenye moto lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kama mashine ya bei kubwa kuliko zote inanguruma kando ya kitanda.