Wanafunzi wa Uuguzi Wanajifunza Dawa Kwetu Pia

Bila shaka umewaona kliniki wale vijana wanaofuatana na muuguzi wakiwa na daftari mkononi. Ni wanafunzi wa uuguzi na uganga, wamekuja kujifunza kwa vitendo. Kuna jambo moja wanalojifunza ambalo wewe na mimi tuna mkono ndani yake, nalo ni jinsi ya kuiona dawa.

Kijana anaingia chuoni na imani ya nyumbani. Kwake sindano inashinda kidonge, dripu inashinda sindano, na kapsuli ya rangi mbili inashinda kidonge cheupe. Muuguzi mzuri ni yule anayekutoa kliniki ukiwa na mfuko mzito.

Darasani anakutana na upande wa pili. Kwinini inayotibu malaria inaweza pia kushusha sukari mwilini na kuleta mlio masikioni. Streptomaisini, iliyotibu kifua kikuu miaka mingi, inaweza kuharibu usikivu. Tetrasaiklini hubadilisha rangi ya meno ya mtoto mdogo. Hapo wengine huingiwa na woga, wanasita hata kutoa parasetamoli. Woga huo nao haufai. Mtoto mwenye malaria hawezi kungoja mtu apate ujasiri.

Baadaye anafundishwa kupima kwanza. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima: mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huenda ana nimonia na anahitaji antibiotiki. Akiwa chini ya hapo na hana dalili nyingine ya hatari, mara nyingi ni mafua tu, na antibiotiki haiponyi mafua. Hata sisi wahudumu wa kujitolea tumefundishwa hivyo hivyo.

Lakini chuo si darasa peke yake. Foleni ni ndefu, jua ni kali, na mama aliyetembea saa mbili anasema, "Sitoki hapa bila sindano." Muuguzi mkubwa amechoka, anaandika. Mwanafunzi anatazama. Siku hiyo amejifunza kwamba dawa hutolewa ili foleni isogee, na somo hilo hulishika haraka kuliko la kitabuni. Mama hana ubaya, anampenda mwanawe. Ila amekuwa mwalimu bila kujua.

Wazee mnaikumbuka klorokwini. Ilituponya, halafu vijidudu vya malaria vikaizoea, na nchi zetu zikalazimika kuiacha. Naye Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel kwamba anayetumia dozi ndogo isiyotosha huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Ndiyo maana dawa mseto ya malaria, ile ya asubuhi na jioni kwa siku 3, humezwa yote hata kama homa imeshuka siku ya pili. Vidonge viwili vitatu vya kununua dukani si dozi.

Najua wengi mnasema tunanyimwa kwa sababu sisi ni wakimbizi. Nimesikia hayo kwenye kila mtaa ninaopita. Basi uliza wazi: "Dawa hii haipo, au mtoto wangu haihitaji?" Hayo ni majibu mawili tofauti, na una haki ya kujua ni lipi. Ikiwa dawa imekwisha, waambie wakueleze utaipata lini au wapi. Ikiwa haihitajiki, uliza nini kitakurudisha. Kwa mtoto mdogo, rudi mara moja, hata usiku, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au akipumua kwa shida kifua kikibonyea ndani.