Usiulize Anazaa Wangapi, Uliza Anakuza Wangapi

Wanunuzi wa sungura wanaofika bandani kwangu Marangu huanza na swali lile lile: "Mama, jike huyu anazaa wangapi?" Nawaambia kwamba jike anayezaa kumi akabakiza watatu ni hasara. Anayezaa saba akawafikisha wote siku ya kuachishwa ziwa, huyo ndiye anayewalipia wanangu ada.

Jike wa New Zealand White nampandisha akifikisha miezi mitano au sita. Flemish Giant ana mwili mkubwa, hukomaa polepole, kwa hiyo namngoja hadi miezi minane au tisa. Jike ndiye anayepelekwa kwenye kizimba cha dume. Ukimpeleka dume kwake, jike hulinda makao yake na anaweza kumng'ata. Kwanza natazama uke: ukiwa mwekundu na umevimba kidogo, yuko tayari; ukiwa mweupe, mara nyingi atakataa.

Sungura hangoji siku za joto kama ng'ombe. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakoyaachilia mayai, saa 10 hivi baadaye. Kwa sababu hiyo, wanaopandisha kwa mrija huko Ulaya humpa jike homoni, la sivyo mbegu zingepotea bure.

Siku ya 14 nampapasa tumbo taratibu. Akiwa na mimba, vidole hukutana na vijipira laini, ukubwa wa zabibu. Asiposhika, anarudi kwa dume. Siku ya 28 naweka kisanduku chenye nyasi kavu, naye hunyofoa manyoya yake kutandika. Huzaa kati ya siku ya 30 na ya 32.

Watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba, na siku za kwanza ndizo zinazoua. Mama hunyonyesha kwa kawaida mara moja kwa siku, tena kwa dakika chache tu, kwa hiyo usimwone hakai nao ukadhani amewatupa. Kila asubuhi nakagua kisanduku, natoa waliokufa, natazama matumbo kama yameshiba. Jike ana chuchu 8 hadi 10. Watoto wakizidi, nawahamishia kwa mwenzake aliyezaa siku hizo hizo. Ndiyo maana napandisha majike kadhaa kwa pamoja.

Jike anaweza kushika mimba tena siku ile ile aliyozaa, na hapo tamaa huingia. Mashamba makubwa ya Ulaya hupandisha takriban siku ya 11 baada ya kuzaa, ili jike azae kila baada ya siku 42, lakini yanalisha chakula kamili cha kiwandani. Wangu wanakula majani, matembele na pumba. Kuwakimbiza hivyo ni kuwakausha. Nawapandisha tena baada ya kuachisha watoto, wiki ya tano au ya sita, na mizao mitano kwa mwaka inawezekana bila kuwamaliza.

Dume naye asisahauliwe. Joto likipita nyuzi 30 mbegu zake hudhoofika, kwa hiyo walioko tambarare wajenge penye kivuli na hewa. Dume mmoja anatosha majike 10, ila asipande binti zake, maana uzao hupungua na watoto huwa dhaifu.

Haya yote yamo katika daftari langu: tarehe ya kupandisha, dume gani, wangapi wamezaliwa, wangapi wameachishwa. Ukienda kununua jike, omba kwanza kuonyeshwa ukurasa wa mama yake. Kama haupo, shika fedha zako na utafute kwingine.