Faili zikikwama kwenye ruta, tatizo huenda si intaneti

West Side, eneo la mji wa Buffalo katika jimbo la New York, Marekani, ni makazi ya familia nyingi zilizowasili kama wakimbizi, zikiwemo za kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Kwa familia kama hizo, picha na nyaraka za uhamiaji ni hazina, na diski iliyochomekwa kwenye ruta ya nyumbani ni mojawapo ya mahali pa kuzihifadhi.

Faili zinapokwama, ni rahisi kuilaumu kampuni ya intaneti. Hata hivyo, faili inayotoka kwenye kompyuta ya mezani kwenda kwenye ruta haivuki mlango wa nyumba. Kulipia intaneti ya kasi zaidi hakusaidii.

Kwanza, kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo. Faili zikipita, kasoro ilikuwa kwenye mawimbi. Zisipopita, diski ikaguliwe: yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili ya gigabaiti 4 au zaidi, hivyo video ya harusi hukataliwa ilhali picha hupita.

Kompyuta isipoiona diski kabisa, huenda ruta inatumia SMB1, utaratibu wa zamani ambao Windows 10 ilianza kuuondoa mwaka 2017 kwa sababu za usalama. Dawa ni kusasisha programu ya ruta, au kuibadilisha. Nayo nakala ya pili ya nyaraka ihifadhiwe kwingine.