GUNIA LINAPITA WAPI HADI LIFIKE KWAKO?



Kila siku ya mgao maswali ni yale yale. Kwa nini chakula kimechelewa? Kwa nini jina la mtoto halimo? Kwa nini jirani amebeba kilo nyingi kuliko mimi, na familia zetu ni sawa? Asiyepata jibu hujibiwa na uvumi, na uvumi haujazi sufuria.

Katika karatasi hii tunaeleza safari ya mzigo hatua kwa hatua. Utaona kwamba sehemu ya katikati, yaani bandari, malori na maghala, haiko mikononi mwetu sisi wakimbizi. Lakini mwanzo wa safari na mwisho wake viko mikononi mwetu, na huko ndiko familia nyingi hupoteza haki yao.

Maelezo haya yanahusu chakula, na pia sabuni, mablanketi, maturubai na madumu ya maji. Familia inayopokea fedha haina gunia la kupima, lakini hatua ya kwanza inaihusu kabisa.

HATUA YA 1: ORODHA

Mzigo hauanzi bandarini. Unaanza kwenye orodha ya majina. Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) pamoja na UNHCR huandikisha watu. Mpango wa Chakula Duniani (WFP) huchukua idadi hiyo, huizidisha kwa kiwango cha mgao, kisha huagiza.

Tuchukue mfano. Mgao kamili hulenga kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ikiwa nafaka ndani yake ni gramu 420, mtu mmoja kwa siku 30 anahitaji kilo 12.6. Familia ya watu 6 inahitaji kilo 75.6, yaani gunia moja la kilo 50 na zaidi ya nusu ya gunia la pili. Hiyo ni hesabu ya kujifunzia tu. Kiwango halisi hubadilika kufuatana na fedha za wafadhili na kundi ambalo familia yako imewekwa. Kisome kwenye ubao wa matangazo kabla ya siku ya mgao.

Chakula kinachonunuliwa nje ya nchi mara nyingi huchukua miezi 3 hadi 4 tangu kuagizwa hadi kufika. Kwa hiyo watu wakiongezeka ghafla, kama ilivyotokea ndugu zetu walipokimbia Kivu mwanzoni mwa mwaka 2025, chakula chao hakiwezi kuagizwa leo kikafika kesho. Kinagawanywa kwanza kile kilichopo ghalani.

Je, kazi yako ni ipi? Mtoto akizaliwa, mwandikishe mapema. Orodha hufungwa kabla ya siku ya mgao, na mtoto ambaye hajaandikishwa husubiri zamu ifuatayo. Mtu akifariki au akihama, toa taarifa pia. Hili ni gumu kusema, lakini lazima lisemwe. Mwaka 2018 Serikali ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na macho. Kabla ya uhakiki ilihesabiwa kwamba tuko kama milioni 1.4. Baada yake wakapatikana kama milioni 1.1. Wafadhili waliuliza maswali mengi, na waliokuwa wakweli walitazamwa kwa shaka pamoja na wengine. Jina la uongo halimwibii mzungu. Linamwibia jirani yako, kwa sababu hesabu isiyoaminika hupunguza msaada wa wote.

HATUA YA 2: BARABARA

Nafaka nyingine hununuliwa hapa hapa Uganda. Mizigo ya ng'ambo hushushwa Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Kampala kwa barabara ni karibu kilomita 1,170, kupitia mpaka wa Malaba au Busia. Zamani lori lilichukua zaidi ya wiki mbili, kwa sababu ya vituo vingi vya ukaguzi na karatasi kurudiwa mpakani. Tangu mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kushughulikia ushuru mara moja mzigo ukiwa bado bandarini, safari hiyo ilipungua hadi siku chache. Lori halikuongezwa mwendo. Kilichopunguzwa ni kusimama.

Kutoka Kampala malori ya kuja huku kwetu Isingiro hupita Masaka na Mbarara. Kipande cha mwisho ni barabara ya udongo. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lori linaweza kukwama karibu kabisa na mwisho wa safari. Ndiyo maana ni vizuri maghala yajazwe kabla ya mvua.

Lori la tani 30 hubeba magunia 600 ya kilo 50. Kila mahali mzigo unapobadilisha mikono, magunia huhesabiwa na hati ya mzigo hutiwa sahihi na pande zote mbili. Gunia lililopungua, lililochanika au lililolowa huandikwa kwenye hati hiyo kabla dereva hajaondoka. Likiandikwa, msafirishaji anaweza kudaiwa. Lisipoandikwa, hasara inabaki kwa aliyepokea. Kumbuka kanuni hii, kwa sababu itarudi kwako siku ya mgao.

HATUA YA 3: GHALA

Ghala zuri lina magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, ili unyevu na panya wasiyafikie. Gunia lililoingia kwanza ndilo linalotoka kwanza. La zamani likiachwa nyuma, fukusi hulila, na mwishowe familia fulani hupewa unga wa vumbi.

Kila gunia lina maandishi: aina ya chakula, uzito, tarehe na namba ya kiwanda. Wengi wetu huyaona kama mapambo. Si hivyo. Mwezi Machi 2019 huko Karamoja watu waliugua baada ya kula unga wa uji uliorutubishwa. Zaidi ya 200 waliugua na 5 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga ulikuwa na sumu ya asili ipatikanayo katika mbegu za mimea pori kama Datura. Ugawaji wa unga huo ukasimamishwa. Katika jambo kama hilo, maandishi ya gunia ndiyo yanayoonyesha mzigo ulitoka wapi na mwingine wa aina hiyo umepelekwa wapi.

Kwa hiyo chakula kikiwa na harufu, rangi au ladha ngeni, usikipike na usikitupe. Kiweke na mfuko wake, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji na kamati ya chakula siku hiyo hiyo. Ukigawana gunia na wenzako, mmoja wenu abaki na mfuko wenye maandishi.

HATUA YA 4: SIKU YA MGAO

Mwaka 1994, katika makambi ya Goma, chakula cha wakimbizi kutoka Rwanda kilikabidhiwa kwanza kwa viongozi wa komini, ili wao wawagawie watu. Viongozi wengi walitaja idadi kubwa kuliko watu waliokuwepo na wakajiwekea sehemu. Wajane na watu wasio na mtetezi wakapata kidogo. Kutokana na mambo kama hayo mashirika yalizidi kukabidhi chakula kwa familia yenyewe. Mwaka 2013 huko Kakuma na Dadaab, nchini Kenya, yakaanza kukagua alama za vidole kabla ya mtu kupokea.

Lakini elewa vizuri: kidole kinathibitisha kwamba wewe ndiwe wewe. Hakithibitishi kwamba kilo zimetimia. Hilo ni juu yako na mizani.

Tazama hesabu. Kopo la kupimia likipungukiwa na gramu 200, na familia yako ikipimiwa makopo 12, umepoteza kilo 2.4. Kwa gramu 420 kwa siku, hicho ni chakula cha mtu mmoja kwa karibu siku 6. Hakuna aliyeiba gunia, lakini mtoto mmoja nyumbani kwako atalala njaa karibu wiki nzima.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Jua kilo zako kabla hujaingia kwenye mstari. Usiyejua kusoma, muulize mjumbe wa kamati au kijana wa shule.
2. Njoo na mfuko usiotoboka na chombo safi cha mafuta.
3. Kopo lipimwe asubuhi mbele ya kamati. Wanawake wawepo kwenye kamati, kwa kuwa wao ndio wanaojua mwezi una siku ngapi jikoni.
4. Pima tena kwenye mizani ya uhakiki kabla ya kutoka getini. Kikipungua, sema hapo hapo kwenye meza ya malalamiko. Ukishatoka nje hakuna anayeweza kujua kama umepunjwa au umeuza.

HATUA YA 5: KUTOKA UWANJANI HADI NYUMBANI

Hapa ndipo maskini hulipa zaidi. Mama mjamzito au mzee hawezi kubeba kilo 50, basi humpa mwenye pikipiki sehemu ya mahindi kama nauli. Ni afadhali familia nne au tano za mtaa mmoja zikodi pikipiki au mkokoteni pamoja, na zipatane bei kabla mzigo haujapakiwa.

Mgonjwa, mzee na mlemavu wana haki ya kupewa kipaumbele kwenye mstari au kuandikisha mtu wa kuwapokelea. Andikisha mtu unayemwamini, ofisini, kabla ya siku ya mgao. Usimwachie mwenye duka kadi yako iwe rehani ya deni. Aliyeshika kadi yako ameshika chakula cha watoto wako.

MSAADA HAULIPIWI

Kuandikishwa, kupokea na kulalamika ni bure. Hakuna kiongozi, mlinzi, mfanyakazi wa shirika wala sisi wafanyakazi wa jamii mwenye ruhusa ya kudai pesa, sehemu ya chakula, au tendo lolote la mwili ili upate kilicho chako. Ikitokea, toa taarifa kwa namba ya simu ya bure iliyobandikwa kwenye ubao, au kwa ofisi ya ulinzi. Unaweza kufanya hivyo bila kutaja jina lako mbele ya watu.

Tafadhali msomee karatasi hii jirani asiyejua kusoma. Kisha kabla ya mgao ujao angalieni pamoja mambo mawili: je, majina yote ya nyumbani yamo, na kilo zenu ni ngapi?