Hukumu za ng'ambo kuhusu majani chai ya Kericho: Zinapatikana wapi?

Baadhi ya kesi kubwa zinazowahusu wafanyakazi wa mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet hazikuamuliwa Kericho wala Nairobi, bali London na Edinburgh. Hukumu zake zimewekwa wazi katika intaneti na hazilipiwi. Aliye Mulot, pale Bomet inapopakana na Narok, anaweza kuzisoma kwa simu yake au katika duka la saiba sawasawa na wakili aliye Uingereza.

Hata hivyo, wanaozisoma ni wachache. Wengi hupata habari zake sokoni au kwa ujumbe wa simu, na hapo ndipo penye hatari. Mtu akiambiwa kwamba fidia imetoka Uingereza na kwamba anatakiwa kulipa ada ya usajili ndipo aipate, atalikagua vipi dai hilo ikiwa hajui mahakama iliamua nini? Katika mji ambao jina lake limetajwa mara nyingi kwenye habari za ulaghai wa laini za simu, swali hilo si la bure.

Mfano mzuri ni kesi ya Unilever. Wadai 218, wakiwa wafanyakazi na wakazi wa shamba la chai la kampuni hiyo huko Kericho, walishambuliwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Walishtaki mjini London kampuni mama, Unilever plc, pamoja na kampuni tanzu yake ya Kenya. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya huko ilikataa madai yao, na mnamo Julai 4, 2018 Mahakama ya Rufaa ikawakatalia tena, ikisema hapakuwa na ushahidi kwamba kampuni mama ndiyo iliyosimamia, au kushauri, jinsi shamba la Kericho lilivyojiandaa kwa ghasia.

Anayeitafuta hukumu hiyo kwa majina ya wadai hataipata. Mahakama iliyaficha majina yao, na kesi huitwa AAA dhidi ya Unilever. Njia ya hakika ni kutumia alama yake ya rejeo, ambayo ni [2018] EWCA Civ 1532. Alama hiyo inatisha kwa kuitazama tu, lakini maana yake ni nyepesi: mwaka wa hukumu, kifupi cha Mahakama ya Rufaa ya Uingereza na Wales, kitengo cha madai, na nambari ya hukumu katika mwaka huo. Kenya nayo ina utaratibu kama huo, ambapo KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ni Mahakama ya Rufaa na KEELRC ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Alama hiyo ikiandikwa katika tovuti ya BAILII, ambayo hukusanya hukumu za Uingereza na Ireland, hukumu nzima hufunguka. Inafaa kufungua tovuti yenyewe kwanza, kwa sababu BAILII imezuia hukumu zake zisiorodheshwe na mitambo ya kutafutia kama Google. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani hukumu haipo. Tangu Aprili 2022 Hifadhi ya Taifa ya Uingereza pia ina huduma yake ya hukumu, iitwayo Find Case Law.

Kuipata hukumu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo hata wasomi huisahau, ni kuchunguza kilichotokea baadaye. Katika kesi ya Unilever, Jaji Philip Sales alieleza mafungu mawili ya hali zinazoweza kuitwika kampuni mama lawama. Mnamo Aprili 10, 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya wanavijiji wa Zambia dhidi ya kampuni ya Vedanta, [2019] UKSC 20, na humo Lord Briggs akasema hapendi kesi zote zishurutishwe kuingia katika mafungu ya aina hiyo. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ikairuhusu kesi ya Wanigeria dhidi ya Shell kuendelea. Anayeishia kwenye hukumu ya Unilever atarudi nyumbani akiamini mlango umefungwa kabisa, ilhali sheria yenyewe imesogea.

Kesi ya wachumaji wa James Finlay ina mtego mwingine. Kampuni hiyo ilisajiliwa Scotland, na wafanyakazi waliodai kuumia mgongo kwa kubeba majani walikwenda Mahakama ya Session mjini Edinburgh chini ya utaratibu wa kesi za pamoja ulioanza huko mwaka 2020. Kwa kuwa utaratibu huo unadai mwakilishi mmoja, kesi inaitwa Campbell dhidi ya James Finlay (Kenya) Ltd. Find Case Law haishughulikii mahakama za Scotland, kwa hiyo msomaji aende tovuti ya mahakama hizo au BAILII. Huko ataona kwamba mwaka 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi ili wafanyakazi watafute kwanza fidia nchini Kenya, chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo imo katika kenyalaw.org, bila malipo. Safari iliyoanzia Kericho ikafika Edinburgh ikarudishwa Kericho!

Majina ya kampuni nayo yanabadilika. Brooke Bond iligeuka Unilever Tea Kenya, ikawa ekaterra, kisha Lipton Teas and Infusions. Anayetafuta kesi ya zamani atumie jina la wakati huo.

Upande wa mikataba ya kimataifa, Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Neno lenye uzito hapo ni "ulioridhiwa". Tovuti ya mikataba ya Umoja wa Mataifa huonyesha nani ameridhia nini na lini, na NORMLEX ya Shirika la Kazi Duniani hufanya hivyo kwa mikataba ya kazi. Kenya, kwa mfano, ilijiunga na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, lakini haikujiunga na itifaki inayomruhusu mtu binafsi kupeleka malalamiko kwa kamati ya mkataba huo. Vivyo hivyo, iliridhia itifaki ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha bila kutoa tamko la kuwaruhusu raia kuiendea moja kwa moja. Ndiyo sababu kesi ya Waogiek wa Msitu wa Mau, nambari 006/2012, ilifikishwa Arusha na Tume ya Afrika. Hukumu ya Mei 26, 2017 na ile ya fidia ya Juni 23, 2022 zimo katika tovuti ya mahakama hiyo na katika AfricanLII.

Ukimya wa tovuti nao usomwe kwa uangalifu. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakilalamikia kufurushwa katika ardhi yao enzi za ukoloni. Hazina ya mahakama hiyo, HUDOC, haichapishi kila ombi linalopokewa, wala maamuzi ya jaji mmoja ya kulikataa ombi. Kutoona jina humo hakumaanishi kwamba watu wameshinda, wameshindwa au hawakwenda.

Siku hizi wapo wanaouliza programu za akili bandia badala ya kwenda kwenye hazina. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Alama ya rejeo iliyotoka huko ichapwe kwanza katika BAILII, AfricanLII au kenyalaw.org. Isipofungua hukumu yenye majina yaleyale, asipelekewe wakili wala asilipwe mtu shilingi kwa ajili yake.