Sumu ya Chura Haianzi kwa Chura

Msimu wa mvua unapoingia, kisa cha chura hutokea karibu katika kila nyumba. Chura hujitokeza uani au jikoni usiku, watoto hukimbia huku wakipiga kelele, na mkubwa mmoja hushika ufagio. Wadogo hukatazwa kumgusa kwa maelezo kwamba ana sumu. Katazo hilo lina msingi wake, kwani chura wa majumbani mwenye ngozi ya vinundu hutoa majimaji yanayowasha anapobanwa, na majimaji hayo huyatengeneza mwenyewe mwilini mwake.

Wiki hii, hata hivyo, tumekusudia kuwasimulia wasomaji wetu habari za vyura wa mbali ambao sumu yao ni kali mara nyingi zaidi, na ambao hawakuitengeneza wao. Kwao sumu ni chakula walichokula, na kwa baadhi yao ni chakula walicholishwa na mama zao. Tumeona ni habari inayofaa kurasa hizi za familia, kwa sababu ndani yake kuna malezi, kuna riziki, na kuna onyo kwa anayedhani kwamba kiumbe anaweza kung'olewa mahali pake akabaki vilevile.

Vyura hao huishi katika misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini, kuanzia Nicaragua hadi Bolivia na Brazil. Ukoo wao una aina zipatazo 200. Wengi ni wadogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Vyura tuliowazoea hutoka usiku na rangi zao hufanana na udongo, bali hawa hutembea mchana kweupe, wakiwa wamevaa manjano, nyekundu, buluu au kijani cha kung'aa. Hawajifichi kwa sababu rangi yenyewe ndiyo ulinzi wao. Ndege au nyoka aliyewahi kumweka mmoja kinywani akaonja uchungu wake, hatasahau rangi hiyo. Hata hivyo, si wote katika ukoo huo wenye sumu. Wapo jamaa zao wa rangi ya majani makavu ambao hawana sumu ya kutajika.

Vishale vya Waemberá

Mashuhuri kuliko wote ni chura wa dhahabu, ambaye wanasayansi Charles Myers, John Daly na Borys Malkin walimtambulisha rasmi mwaka 1978 kwa jina la Phyllobates terribilis, yaani wa kutisha. Urefu wake ni sentimita tano hivi. Makazi yake ni eneo dogo la msitu katika pwani ya Pasifiki ya Colombia, kandokando ya Mto Saija na mito ya jirani. Katika ngozi ya chura mmoja mna sumu ipatayo miligramu moja, kiasi kinachokadiriwa kutosha kuwaua watu kumi.

Watu wa kabila la Emberá wa eneo hilo walimjua chura huyu muda mrefu kabla ya maabara kumjua. Mwindaji humbana chini kwa kijiti, akapitisha ncha za vishale vyake mgongoni mwake, kisha humwachia aende zake. Vishale hivyo hupulizwa kwa mrija mrefu wa mti, na sumu iliyokauka kwenye ncha huweza kudumu na makali yake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kutokana na uwindaji huo ukoo mzima ulipewa jina la vyura wa mishale, ingawa aina zilizothibitika kutumika hivyo ni tatu tu, na zote ni za magharibi mwa Colombia.

Sumu yenyewe huitwa batrakotoksini, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya chura. Neva na misuli ya mwili hufanya kazi kwa kufungua na kufunga vijilango vidogo mno vinavyopitisha chumvi ya sodiamu. Sumu hii huvishikilia vijilango hivyo visifungike. Misuli hukakamaa, mapigo ya moyo huvurugika, na hatimaye moyo husimama. Yuko nyoka mmoja mdogo wa misitu hiyo anayeistahimili sumu hiyo kwa kiasi, naye huwala vyura wachanga. Wanyama wengi wengine hukaa mbali.

Fumbo la vyura wa kwenye vioo

Watafiti walipoanza kuwafuga vyura hawa katika masanduku ya vioo, walikuta jambo ambalo hawakulitarajia. Vyura waliokamatwa msituni waliendelea kuwa na sumu kwa miaka kadhaa. Lakini watoto wao waliozaliwa ndani ya vioo na kulishwa nzi wa matunda walikua wakiwa na rangi zilezile, sauti zilezile na tabia zilezile, ila ngozi zao hazikuwa na sumu.

John Daly, mkemia aliyefanya kazi katika taasisi za taifa za afya za Marekani, aliitumikia mada hii sehemu kubwa ya maisha yake. Yeye na wenzake walionyesha kwamba vyura waliozaliwa kifungoni, wakipewa wadudu wa msituni wanaopatikana katika majani yaliyoanguka, huanza kulimbikiza sumu ngozini. Fumbo likafumbuka: silaha ya chura ilikuwa inatembea chini ya miguu yake. Ilikuwa ndani ya sisimizi, majongoo wadogo, mbawakawa, na hasa utitiri wa udongoni usioonekana vizuri kwa jicho. Chura hula maelfu ya viumbe hao, mwili wake ukatenga kemikali zao na kuzihifadhi katika vifuko vya ngozi.

Ushahidi mwingine ulitoka upande wa pili wa dunia, katika kisiwa cha New Guinea. Mwaka 1992 ilitangazwa kwamba ndege fulani wa kisiwa hicho, waitwao pitohui, wana katika manyoya na ngozi sumu ya jamii ileile ya chura wa dhahabu. Ndege na chura hawa hawana nasaba ya karibu, wala misitu yao haipakani. Mwaka 2004 sumu hiyo ilionekana katika mbawakawa wadogo wa huko New Guinea, ambao ndege hao huwala.

Mama anayerudi kila baada ya siku chache

Sehemu ya habari hii iliyotugusa zaidi inamhusu chura mdogo wa Costa Rica, Nicaragua na Panama. Urefu wake ni sentimita mbili tu, mwili wake ni mwekundu, na mara nyingi miguu yake ni ya buluu, mfano wa mtu aliyevaa suruali ya jinzi. Jina lake la kisayansi ni Oophaga pumilio.

Jike hutaga mayai machache juu ya jani chini ya miti. Dume ndiye huyahudumia, akiyamwagia maji kutoka mwilini mwake yasikauke. Baada ya siku kumi hivi viluwiluwi huanguliwa, na hapo zamu ya mama huanza. Hushuka akakaa karibu nao, kiluwiluwi mmoja akajinyonganyonga hadi mgongoni mwake, naye akampeleka kwenye mmea wenye majani yanayokutana kama ya mnanasi. Mwenye shamba la mananasi anajua namna maji ya mvua yanavyotuama katikati ya majani yale. Na kwa hakika mingi ya mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na nanasi letu. Kila mtoto huwekwa katika kikombe chake cha maji, peke yake.

Kikombe hicho hakina chakula cha kumtosha. Kwa hiyo mama hurudi kwa kila mtoto kila baada ya siku chache, kwa muda wa wiki sita au zaidi. Afikapo, kiluwiluwi hukakamaza mwili na kujitikisa mbele yake, na mama humtagia mayai yasiyorutubishwa. Hayo ndiyo mlo wake wote hadi atakapoota miguu na kutoka majini. Mama hamtambui mwanawe kwa sura. Anachokikumbuka ni mahali alipomweka. Watafiti walipobadilisha viluwiluwi, mama alimlisha yeyote aliyemkuta katika kikombe kile.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo yaliyoongeza uzito wa habari hii. Walipima viluwiluwi waliolishwa na mama zao, wakakuta tayari wana chembe za sumu ya ulinzi. Wale waliolelewa kwa mayai ya vyura wa jamii nyingine hawakuwa nazo. Maana yake ni kwamba mama alikula wadudu wa msituni, sumu ikaingia katika mayai, na mayai yakampa mtoto chakula na ngao kwa pamoja, kabla hajaweza kujitafutia riziki mwenyewe.

Huko Peru kuna jamaa yao mwingine, Ranitomeya imitator, ambaye baba na mama hulea pamoja. Baba hukagua vikombe vya watoto, na akiona kuna mwenye njaa humwita mama kwa sauti na kumwongoza hadi hapo. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2010 vilionyesha kwamba katika familia 12 zilizochunguzwa, 11 zilikuwa za dume mmoja na jike mmoja walioshikamana. Jamaa zao wa karibu wanaotumia madimbwi makubwa zaidi, yenye chakula ndani yake, hawana ndoa za namna hiyo. Dume hulea peke yake. Watafiti wakafikia uamuzi kwamba ufinyu wa riziki katika vikombe vidogo ndio uliowafunga wazazi hao wawili pamoja.

Dawa iliyotoka ngozini

Mwaka 1974 Daly alikuwa Ecuador, akakusanya kemikali za ngozi ya chura mdogo mwenye mistari. Ilipojaribiwa kwa panya, ilituliza maumivu kwa nguvu ya takriban mara 200 ya mofini. Ngozi za vyura 750 zilitoa chembe tu za kufanyia utafiti, na umbo la kemikali hiyo, iliyopewa jina la epibatidini, lilijulikana mwaka 1992. Dawa yenyewe ilikuwa kali mno kwa binadamu. Tofauti kati ya kiasi cha kutibu na cha kuua ilikuwa ndogo. Hata hivyo iliwafundisha wataalamu njia ya kutuliza maumivu iliyo tofauti na ile ya mofini.

Wasomaji wetu wengi wanaifahamu hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ya tabibu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kutumia chura katika dawa, naye akakataza kuuawa kwake. Inafaa kukumbuka kwamba mara umbo la epibatidini lilipofahamika, wakemia waliweza kuitengeneza maabara bila kumgusa chura hata mmoja. Kama msitu ungekatwa kabla ya siku hiyo, kusingekuwa na cha kujifunza.

Hatari tatu

Vyura hawa leo wanakabiliwa na hatari tatu. Ya kwanza ni kukatwa kwa misitu kwa ajili ya mashamba, malisho na migodi. Kwa chura mwenye makazi madogo kama yule wa dhahabu, bonde moja likifyekwa ni hasara kubwa. Ya pili ni biashara ya magendo. Mwezi Januari 2024, katika uwanja wa ndege wa Bogotá, msafiri mmoja alikamatwa akiwa na vyura 130 wenye sumu ndani ya vikopo vya filamu za picha. Wanunuzi huko ughaibuni huwatamani kwa rangi zao, wakawaweka vioo sebuleni.

Ya tatu ni maradhi ya kuvu yanayoharibu ngozi ya chura hadi moyo kusimama. Kuvu hiyo ilipewa jina mwaka 1999, baada ya kupatikana kwa chura wa buluu wa ukoo huuhuu katika bustani ya wanyama ya Washington. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliihusisha na kupungua kwa aina 501 za vyura na jamaa zao, 90 kati ya hizo zikidhaniwa kutoweka kabisa.

Kuvu hiyo imefika hata kwetu. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya Milima ya Udzungwa, alipungukiwa na manyunyu ya maji mto ulipozuiwa kwa ajili ya umeme, na mwaka 2003 kuvu ikaonekana miongoni mwa waliokufa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu wapatao 500 walikuwa wamekwisha pelekwa Marekani kulelewa, na mwaka 2012 kizazi chao kikaanza kurudishwa Kihansi. Kurudi kwao kuliwezekana kwa kuwa bondeni palikuwa pamewekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Bila manyunyu hayo, kuwarudisha kungekuwa ni kuwazika.

Chura wa dhahabu aliyezaliwa katika kioo naye hung'aa kama baba yake, ila rangi yake haimtishi tena anayejua. Amebaki na onyo lisilo na kitu nyuma yake, kwa kuwa wazazi wake walitenganishwa na udongo uliowapa silaha.

Basi usiku chura atakapoingia tena uani, wazazi tuwaonyeshe watoto namna ya kumsukuma taratibu nje kwa ufagio bila kumpiga, na aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni. Na mtoto akiuliza chura huyu ana faida gani, tumsimulie habari za mama mwenye urefu wa sentimita mbili, anayepanda mti kila baada ya siku chache kumpelekea mwanawe mlo wenye ngao ndani yake.