Sura ya Herufi na Fonti

Istilahi hizi mbili huchanganywa mara kwa mara, nasi twapendekeza zitenganishwe. Sura ya herufi ni umbo lililobuniwa na msanii: unene wa mistari, upana wa tumbo la b, urefu wa mkia wa g. Fonti ni chombo kinachoibeba sura hiyo. Zamani ilikuwa seti ya herufi za risasi za kimo kimoja. Siku hizi ni faili la kompyuta.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kiha kisemwacho Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, ni lugha ya toni. Atakaye kuionyesha toni katika maandishi huhitaji irabu zenye alama juu yake. Fonti isiyokuwa nazo humpa kisanduku kitupu, na neno hupotea. Kiswahili nacho kina ng': nafasi ya ritifaa ikizidi, ng'ombe hukatika vipande viwili.

Mwaka 2005 sura ya Gentium, iliyobuniwa na Victor Gaultney, ilitolewa kwa leseni huria. Fonti yake yaweza kutumiwa, kugawiwa, hata kuongezwa herufi zilizokosekana, mradi isiuzwe peke yake. Hivyo mwandishi wa Kiha halazimiki kungojea hisani ya kiwanda.

Basi tuseme: msanii hubuni sura ya herufi, hutoa fonti. Anayesema "nimenunua sura" amenunua ruhusa ya kutumia fonti tu. Sura ingali ya mbunifu wake.